Wifi Shamshadi na Ujana wa Zumaridi

Kucha za wifi yangu Shamshadi zilikuwa za kijani. Wala hakujipaka rangi; angejipaka ningemwambia aache, maana hazikumpendeza. Yalikuwa mafuta yaliyompenya chini ya kucha tangu usichana wake, yakakataa kutoka kwa limau, kwa majivu, kwa chochote. Hata siku ya kumwosha, mwosha maiti alivishika vidole vyake akaniuliza, "Anwari, huyu marehemu alikuwa akishika nini?" Nikamwambia, "Endelea na kazi yako, mama. Hizo hazitoki, na mwenyewe hakutaka zitoke."

Anwari ni mimi. Niliolewa na kaka yake, nikaletwa Ramganj, mtaa wa wasaga vito wa Jaipur, nikiwa na hina mpaka kwenye viwiko. Kwa kawaida bibi arusi hukaa mahali pamoja kama mzigo wa stesheni, watu wakija kumtazama. Mimi nilipandishwa ngazi za paa kwenda kumsalimia wifi, kwa sababu wifi hakuweza kushuka. Chupa zake zilikuwa juani, na tumbili walikuwa wamekaa ukutani wanazitolea macho. Nikainamisha kichwa, nikamsalimia kwa adabu zote alizonifunza mama yangu. Akajibu, "Waalaikum salaam, wifi. Karibu sana. Sasa sogea pembeni, unanizibia jua."

Nilimchukia mpaka alasiri. Alasiri alinipa lenzi ya jicho, ile ya mafundi, na zumaridi ndogo kama punje ya njegere. "Tazama ndani," akasema. Nikatazama. Kulikuwa na nyufa nyeupe kila upande, kama kioo kilichopigwa kikakataa kudondoka. Kisha akachomoa jiwe jingine kwenye chupa, akalifuta, akaniwekea kiganjani. Hilo lilikuwa kijani kitupu, kijani cha kwenda mbali, mpaka nikahisi jicho langu linazama.

"Hili zuri, lile bovu," nikasema.

"Hayo ni ndugu, wifi. Yamekatwa kwenye jiwe moja. Hili limekaa kwenye chupa, lile bado."

Nikaomba lenzi tena. Nikasema Subhanallah, nikarudia, nikasahau kwamba nilikuwa nimenuna. Nyufa zilikuwa mle mle. Mafuta yalikuwa yameingia polepole, jua likiyasukuma, yakazijaza mpaka mwanga ukapita bila kujikwaa. Usione vyaelea, walisema wahenga, vimeundwa. Kila zumaridi iliyowahi kunitoa udenda kwenye shingo ya mke wa mtu ilikuwa imepitia kwenye chupa kama zile, juu ya paa kama lile, na mwanamke amekaa na fimbo anafukuza tumbili.

Mafuta hayo yana jina lake: joban.

Joban ni ujana, lakini ujana wa namna yake. Ni ule unaofika siku moja na kila mtu akauona. Jana msichana alikuwa anapanda kuta kama mbuzi, leo anapita na baraza zima linanyamaza: hiyo ndiyo joban. Shamba la haradali likichanua njano mpaka macho yanapokoma, wakulima husema limeingia kwenye joban yake. Kifua cha mwanamke nacho huitwa hivyo, ndiyo maana bibi zetu wakilitamka neno hilo mbele ya wanaume hukohoa kidogo. Na ndani ya chupa za wifi, joban ni mafuta, ya kijani, mazito, yenye harufu ya mbao na ya kitu kingine ambacho mama yake alikataa kukitaja.

Mume wangu akilikamata neno haliachi mpaka ang'oe mizizi yake. Yeye alituambia kwamba neno hilo limetoka mbali, kwenye lugha ya kale ya maombi ya Wahindu, na huko lilikuwa yauvana, neno zito la makuhani na wafalme. Likashuka kwa wakulima na wapishi. Kila kizazi kikalikanyaga kidogo, ya ikawa ja, va ikawa ba, mpaka likawa laini kama kizingiti cha mlango wetu. Watoto shuleni bado huandika yauvan, na mwalimu huwapigia tiki. Nikamuuliza ni nani wa kwanza kuyaita mafuta hivyo. Hakujua. Nimewauliza wasaga vito wazee, nao hawajui.

Jambo hilo limenikaa moyoni miaka yote hii. Mtu fulani, kwenye kichochoro fulani kama chetu, alichomoa jiwe kwenye mafuta, akalifuta, akaliinua juani. Angeweza kuyaita mafuta yale dawa. Angeweza kuyaita hila, kama wanavyoyaita leo wanunuzi wa mbali wanaokuja na mashine zao na nyuso za kukunja. Yeye alitazama, akaona kile mama anachokiona siku binti yake anapotoka chumbani amevaa nguo za harusi, na neno likamtoka. Sijui alikuwa mwanamume au mwanamke, lakini nikimfikiria nywele hunisimama.

Ujana ni moshi, husema watu, ukienda haurudi. Kwa Shamshadi ulikuwa unarudi kila msimu, ila kwa mawe ya wenzake. Wa kwake ulipita upesi. Aliolewa mji wa Tonk, akakaa huko muda mfupi, mamamkwe akaanza kulalamika kwamba mkate wake unanuka mafuta, kwamba mtoto haji, kwamba mwanamke mwenye kucha za kijani ni mchawi au yuko njiani kuwa mchawi. Akarudishwa kwao na masanduku mawili ya bati na talaka. Hakulizungumza jambo hilo hata mara moja. Siku moja kwenye sherehe, binamu mmoja mwenye mdomo alimwambia mbele ya watu, "Shamshadi, unatia joban mawe ya watu, yako mwenyewe umeiweka chupa gani?"

"Ile ya kona," Shamshadi akajibu. "Tumbili kaiangusha."

Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega, na yeye akacheka kuliko wote. Kisha akapanda paani, na chai yake ikapoa chini bila mtu wa kuinywa.

Kazi aliirithi kwa mama yake, na pamoja na kazi alirithi kiapo. Wafanyabiashara walileta mawe yao kwa mlango wa mbele, kwa kelele na chai. Mabibi arusi walikuja kwa ngazi za nyuma, wamejifunika mpaka kidevuni, wakiongozwa na mama muuza bangili, ambaye huingia kila nyumba na kujua kila jambo. Shida yao ilikuwa moja. Bibi arusi mgeni anataka aonekane msafi na mchapakazi, basi sikukuu ikikaribia anachemsha ritha, yale matunda yanayotoa povu, anatumbukiza vito vya nyumba kwenye bakuli, anasugua kwa brashi. Dhahabu hung'aa ukaipenda. Zumaridi ikitoka kwenye bakuli hilo imeota ukungu mweupe, kwa kuwa maji ya moto na povu vimeyafukuza mafuta. Msichana hajui habari za mafuta. Anaona jiwe la ukoo limepasuka mikononi mwake, na katika nyumba hizo kito kikipasuka ni kifo kinabisha hodi. Ndiyo maana mamamkwe wangu, kabla hajafa, alimshikisha Shamshadi msahafu akaapa: siri ya bibi arusi iliyopanda ngazi hizi isishuke.

Sasa, mwaka mmoja Gangaur ilikuwa karibu, sikukuu ambayo wanawake wa Kihindu hufunga na kumwomba mungu wao wa kike awape waume zao maisha marefu. Jua la mchana lilikuwa limeanza kuuma. Muuza bangili akamleta msichana mmoja, akamwacha mlangoni mwa paa kama anayeacha kikapu, akaenda zake. Msichana akafunua uso. Aliitwa Vimla, mke mpya katika nyumba ya wauza sari wakubwa wa soko kuu. Akafungua fundo kwenye pindo la sari yake kwa meno.

"Mama, nimeliua," akasema.

Lilikuwa tone la zumaridi lenye urefu wa kifundo cha kidole gumba, na tundu juu la kupitishia uzi. Nililijua. Nani asilijue? Kila bibi arusi wa nyumba ile hulivaa Gangaur yake ya kwanza, na wanawake husimama milangoni kumtazama akipita. Sasa lilikuwa na ukungu kama jicho la mzee.

Shamshadi aliweka lenzi, akatazama muda mrefu, kisha akanipa mimi. Nimetazama mawe mengi kwenye lenzi ile. Hilo lilinitoa pumzi. Nyufa zilikuwa zimelala moja juu ya nyingine, nyembamba kama mbawa za nzi, na kati yake vimechipuka vitawi vya kijani kilichokolea, kama ndani ya kisima cha zamani ukichungulia saa sita mchana. Nilitaka kukaa humo. Nilipoinua uso, msichana alikuwa ananitazama kama mtu anayesubiri hukumu, nikaona aibu kwa kufurahi.

"Litapona?" akauliza.

"Haliumwi," Shamshadi akasema. "Litapata joban yake. Lakini mafuta hayaendi mbio, na sikukuu ni wiki ijayo. Huko nyumbani utasema nini?"

"Sisemi kitu. Funguo za kisanduku anazo mamamkwe, alinipa siku moja tu ya kusafisha. Hakifungui tena mpaka siku yenyewe. Jiwe hili analiogopa. Hata kulitazama halitazami."

"Akijua?"

"Atanirudisha kwetu. Alishanitishia kwa jambo dogo kuliko hili, nilipomwaga chumvi. Na mume wangu ni mtu mwema, mama. Ananiletea mapera kwa siri, anayaficha ndani ya kilemba."

Mimi nilitaka kucheka kwa hayo mapera. Nikamtazama Shamshadi, sikucheka. Uso wake ulikuwa umebadilika kwenye yale maneno "atanirudisha kwetu". Akalichukua jiwe, akasema Bismillah, akalishusha kwa uzi ndani ya chupa yenye mafuta ya vuguvugu, akaiweka chupa pale jua linapokaa kwa muda mrefu zaidi. Siku zilizofuata hakuniachia fimbo ya tumbili hata nilipoiomba.

Lililotushinda lilikuwa jambo dogo. Kabla ya Gangaur, mfuma vidani hupita nyumba kwa nyumba kubadilisha nyuzi za hariri zilizochakaa. Mwaka ule alifika mapema. Kisanduku kikafunguliwa mbele yake, uzi ukatolewa, na mwisho wa uzi hapakuwa na kitu.

Mchana uleule nilisikia mtu anahema kwenye ngazi za nyuma. Nikadhani ni muuza bangili. Alikuwa Bi Kesar mwenyewe, mamamkwe wa Vimla, mjane mnene mwenye sari nyeupe, na Vimla nyuma yake macho yamemvimba. Bi Kesar hakuuliza njia. Alikuja kwa ngazi za nyuma moja kwa moja, akaruka kidato kilichovunjika bila kukitazama.

"Liko wapi?"

Shamshadi alilivuta jiwe kwenye chupa, akalifuta kwa kitambaa laini, akaliweka kiganjani. Mafuta yalikuwa yamepanda mpaka katikati. Nusu ya chini ilikuwa kijani kile cha kuzamisha macho, nusu ya juu bado nyeupe, na palipokutana palikuwa na mstari unaong'aa, mwembamba kuliko uzi. Maishani mwangu sijaona kitu kikiwa kijana na mzee kwa wakati mmoja hivyo. Bi Kesar hakunyoosha mkono kulipokea.

"Ndilo," akasema. "Limepasuka tena."

Mimi nililisikia lile "tena". Vimla naye akainua kichwa.

"Bi mkubwa, kaa chini upumzike," Shamshadi akasema. "Anwari, mletee maji."

"Sikupanda huku kunywa maji." Akamgeukia Vimla. "Nenda ukafunge nguo zako. Kaka yako atakuja kukuchukua."

"Mama, nilitaka ling'ae kwa Gangaur."

"Najua ulichotaka! Mimi pia nilitaka hivyo hivyo!"

Nafikiri hakukusudia kulisema. Alishika ukuta wa paa kwa mkono mmoja, na maneno yakaendelea kutoka kana kwamba si yeye anayeyatoa. Alikuwa na umri wa Vimla, akasema. Aliliosha kwa mikono yake. Likapasuka, akaja hapa kwa mama yake Shamshadi, amejifunika mpaka akajikwaa kwenye kile kidato. Mama yule akalirudisha jinsi lilivyokuwa, akamwambia nenda mwanangu, na usiseme. Hakusema.

"Lakini jiwe lilijua," Bi Kesar akasema. "Gangaur ya pili haikufika, mume wangu alikuwa majivu. Mamamkwe aliniita mla mume mpaka siku aliyokufa, nami nikanyamaza, maana nilijua anasema kweli. Sasa huyu naye kalipasua. Mimi nina mtoto mmoja, Shamshadi. Nina mmoja tu. Huyu arudi kwao leo, labda kifo kitamfuata yeye kimwache mwanangu."

Vimla alikuwa ameziba mdomo kwa pindo la sari. Shamshadi alinitazama mimi, na nilijua anachoniuliza, kwa sababu nilikuwepo siku ya msahafu. Ni rahisi mtu kusema kiapo ni kiapo wakati si yeye anayesimama pale. Sikumtikisia kichwa wala sikumkatalia. Akatazama chini, kwenye kucha zake.

"Bi Kesar," akasema, na sauti ilikuwa ndogo. "Mamamkwe wako, Bi Anop."

"Usimtaje hapa."

"Aliliosha."

Tumbili mmoja alikuwa ameshuka mpaka karibu na chupa na hakuna aliyemfukuza.

"Aliliosha kwa maji ya ritha yanayochemka, kwenye bakuli la shaba, akiwa bibi arusi. Mama yangu ndiye aliyelitia mafuta, na ndiye aliyenisimulia. Mamamkwe wa Bi Anop naye aliliosha, akalileta kwa bibi yangu. Kila mmoja alipanda ngazi zile amejifunika. Kila mmoja akalia hapo hapo uliposimama, akidhani ni yeye peke yake duniani. Jiwe hili halijawahi kupasuka mkononi mwa mtu. Mnaliosha, joban inatoka, mnaona lilivyo. Basi." Akafuta jasho kwa mgongo wa kiganja. "Nimevunja kiapo cha mama yangu. Mungu anisamehe."

"Bi Anop?" Bi Kesar akasema.

"Bi Anop."

Hapo ulimi wangu ulinishinda. "Na mumewe yule mzee, si amekufa juzi tu hapa? Alikufa hana jino hata moja, na bado akiwakimbiza tumbili kwa bakora! Jiwe la kuua waume lilimsahau yeye?"

Bi Kesar alikaa chini. Hakutafuta mkeka, alikaa pale pale kwenye sakafu iliyolowa mafuta ya vizazi vitatu, na sari yake nyeupe ikanywa kijani. "Aliliosha," akasema. "Akanifungia chumba cha nyuma kila Gangaur, nisiwaguse wake za watu, nisiwaletee mkosi. Na yeye aliliosha." Sikujua kama anacheka au analia, na nadhani hata yeye hakujua. Vimla alikwenda akachutama karibu yake, hakuthubutu kumgusa.

Shamshadi akampelekea jiwe na lenzi. "Sasa litazame, Bi Kesar. Hujawahi kulitazama."

Alilitazama. Aliligeuza kwenye jua, upande wa kijani kisha upande mweupe, akarudi tena. Shamshadi alimweleza kwa sauti ya chini yale aliyoambiwa na mama yake: kwamba nyufa zile lilizaliwa nazo, huko chini ya milima, kwenye joto na uzito ambao sisi hatuwezi kuuwaza, kwamba kijani na ufa viliingia kwa mlango mmoja, na ukitaka kimoja unapewa vyote viwili, kwamba hakuna mkono wa bibi arusi uliofika huko. Bi Kesar aliendelea kutazama. Midomo yake ilifunguka kidogo, kama ya mtoto anayeonyeshwa mwezi. Mimi nimeingia misikiti mikubwa ya nchi hii na sijaona watu wametulia namna ile.

"Zuri," hatimaye akasema, kwa sauti ya mtu anayelalamika. "Mbona hamkuniambia ni zuri?"

Akamgeukia Vimla. "Maji yalikuwa moto kiasi gani?"

"Yalikuwa yanachemka, mama."

"Yangu pia," Bi Kesar akasema, na ndipo akamshika mkono.

Hakuna kaka aliyekuja kumchukua mtu. Siku ya Gangaur jiwe halikuwa tayari, mafuta yalikuwa bado hayajafika juu, na Vimla alilivaa vile vile, nusu kwa nusu. Sisi wanawake wa Ramganj huwa tunakwenda kutazama, tukasimama mlangoni na majirani. Bi Kesar alitoka chumba cha nyuma mchana kweupe, na sari yake nyeupe yenye doa la kijani lililokataa kutoka, akamfunga mkwewe kidani kwa mikono yake ya ujane. Shemeji zake walinong'ona mpaka nikasikia hewa inatembea. Bi Kesar akafunga fundo, akalikaza, akalijaribu kwa kidole, akageuka akawauliza kama kuna mtu mwenye swali. Na mtoto wake wa pekee alikuwa amesimama uani na kilemba kilichovimba upande mmoja, nikajua kuna mapera humo.

Jioni ile Shamshadi aliniuliza, "Wifi, mama atanisamehe kweli?"

"Akikataa nitamsemea mimi," nikamwambia. "Kusema ndiyo kazi ya wifi."

Akacheka. Akashuka, akakaa nasi jikoni, akanywa chai yake ikiwa moto. Halafu, bila kuulizwa, akatueleza habari za Tonk, kuanzia mwanzo, na mkate unaonuka na masanduku ya bati, na alipofika kwenye uchawi alituonyesha kucha zake mwenyewe na kututisha nazo. Kaka yake alilia kwa siri kwenye beseni la vyombo.

Tangu mwaka ule, kabla ya kila Gangaur, Bi Kesar na Vimla walikuja kwa mlango wa mbele, nyuso wazi, na bakuli la shaba. Waliliosha jiwe wenyewe juu ya paa, kwa ritha, mpaka likabaki tupu, wakalitazama wakipokezana lenzi, ndipo wakampa Shamshadi alitie joban mpya. Muuza bangili akalieneza jambo hilo, kama anavyoeneza yote. Siku hizi ngazi za nyuma hupandwa na paka tu.

Shamshadi alikufa msimu mmoja wa baridi, chupa zake zikiwa zimejaa. Ninazo mimi sasa, na kucha zangu zimeanza. Mwaka huu mtoto wa Vimla ameoa, na wote wakapanda paani kwangu. Vimla ana mvi. Bi Kesar alibebwa na mjukuu kwenye kiti cha kamba, macho yake yamekaribia kuzimika. Bibi arusi, msichana mwembamba ambaye hina yake haijafifia, alikuwa ameshikilia jiwe kwa mikono miwili na hataki kuliachia. Nilimwelekeza, akamimina maji kwenye bakuli kwa hadhari kubwa.

Bi Kesar akapapasa, akatumbukiza kidole.

"Haya maji gani? Ya kumwogeshea mtoto mchanga? Chemsha."

"Bibi, litapasuka."

Yule mzee akacheka mpaka kiti kikalia. Akautafuta mkono wa msichana hewani, akaupata, akaushusha pamoja na jiwe karibu na bakuli.

"Lilipasuka kabla yetu sote, mjukuu wangu," akasema. "Chemsha, umimine."